Kupima paneli ya sola: maabara, jua la wazi, mawingu au miezi ya kumbukumbu?

Paneli iliyoandikwa wati 400 inapowekwa kwenye jua la adhuhuri, anga likiwa safi, kisha kifaa kikasoma wati 333 tu, wengi huamua palepale kwamba wameuziwa bidhaa hafifu. Mara nyingi paneli hiyo haina kasoro yoyote. Namba ya lebo hutolewa katika hali tatu zilizokubaliwa kimataifa: ukali wa jua wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, seli zenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na mwanga ambao mchanganyiko wake wa rangi ni kama wa jua lililopenya unene wa hewa mara 1.5 ya ule unaopenywa na jua la utosini. Tuchukulie kwamba adhuhuri hiyo ukali wa jua ulikuwa 950 na hewa ilikuwa na nyuzi 30. Seli za paneli ya kawaida, iliyofungwa mahali penye upepo wa kutosha nyuma yake, hufikia karibu nyuzi 60 katika hali hiyo, na kila uzi unaozidi 25 huondoa takriban asilimia 0.35 ya nguvu. Joto peke yake limekula asilimia 12, upungufu wa mwanga umekula asilimia 5, na hesabu inatua pale pale kwenye wati 333. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni ukali wa jua na joto la paneli kuandikwa kando yake.

Kwa hiyo anayetaka kupima paneli anachagua mambo mawili kwa pamoja: mahali pa kupimia na aina ya anga la kupimia. Hakuna chaguo moja linalofaa kwa kila swali. Yapo yanayofaa kuthibitisha lebo, yapo yanayofaa kulinganisha paneli mbili, yapo yanayofaa kutafuta hitilafu, na lipo moja ambalo, kwa maoni yangu, halifai karibu kwa lolote.

Maabara au uwanjani

Maabarani paneli huwekwa mbele ya jua bandia, ambalo kwa kawaida ni taa inayomweka kwa milisekunde chache au makumi kadhaa. Mmweko ni mfupi kiasi kwamba seli hazipati muda wa kuchemka, hivyo paneli ikiachwa katika chumba chenye nyuzi 25 mpaka ilingane na chumba hicho, joto la seli linajulikana bila kubahatisha. Kiwango cha IEC 60904-9 (IEC ni shirika la kimataifa la viwango vya umeme) huipanga mitambo hiyo katika madaraja kwa kuangalia mambo matatu: jinsi rangi za mwanga wake zinavyokaribiana na za jua la kawaida, jinsi mwanga unavyoenea sawasawa juu ya paneli nzima, na jinsi unavyotulia wakati kipimo kinachukuliwa. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba kipimo cha leo kinaweza kurudiwa mwakani na majibu yakalinganishwa moja kwa moja, jambo ambalo anga halimruhusu mtu yeyote kulifanya.

Hata hivyo maabara nayo ina mipaka yake. Seli za kisasa zenye ufanisi mkubwa, hasa zile ambazo viunganishi vyake vyote viko mgongoni na zile za tabaka mseto za silikoni, huhifadhi chaji ndani yake kama kapasita. Mmweko ukiwa mfupi mno, mchoro wa mkondo na volti unaopatikana kwa kupandisha volti hautalingana na ule unaopatikana kwa kuishusha, na nguvu inayosomwa itakuwa juu au chini ya ukweli. Vilevile paneli iliyokwisha kufungwa juu ya paa lazima ishushwe, isafirishwe na kurudishwa, na safari hiyo yenyewe inaweza kuipasua seli. Hatimaye, mmweko hupiga paneli ukiwa umeielekea moja kwa moja, ilhali uwanjani mwanga huja kwa pembe zinazobadilika kutwa nzima, na kioo huanza kurudisha sehemu kubwa ya mwanga pembe inapozidi nyuzi 60 hivi kutoka kwenye mstari unaosimama pembe mraba juu ya uso wa paneli.

Uwanjani, kinyume chake, mwanga ni wa kweli, joto ni la kweli, na nyaya, viunganishi na vumbi vyote vimo katika kipimo. Gharama yake ni kwamba mpimaji lazima apime hali ya hewa kwa makini yaleyale anayopimia paneli, kisha asahihishe matokeo kwa hesabu ili kuyarudisha kwenye hali ya lebo. Taratibu za hesabu hiyo zimo katika kiwango cha IEC 60891. Kadiri hali ya uwanjani inavyokuwa mbali na hali ya lebo, ndivyo hesabu inavyobeba mzigo mkubwa zaidi, na ndivyo kosa dogo la kifaa linavyovimba.

Jua la wazi: saa za adhuhuri dhidi ya asubuhi yenye ubaridi

Anga safi lililotulia, jua likiwa juu, ndilo chaguo la kwanza kwa yeyote anayetaka kujua kama paneli inatoa wati zilizoandikwa. Viwango vya kimataifa vinakubaliana na hilo: kipimo cha jua la kawaida kinachokusudiwa kurudishwa kwenye hali ya lebo huhitaji ukali wa angalau wati 800 kwa mita ya mraba, na kipimo cha safu nzima ya paneli zilizokwisha kufungwa huhitaji angalau 700. Sababu yake ni rahisi. Kifaa cha kupimia jua kinachokosea kwa wati 10 kinakuwa kimekosea kwa asilimia 1 tu jua likiwa 1000, lakini kosa lilelile ni asilimia 5 jua likiwa 200.

Saa za adhuhuri zina faida nyingine isiyotajwa mara nyingi, nayo ni utulivu wa pembe. Jua huzunguka nyuzi 15 kwa saa siku nzima bila kubadili mwendo, lakini athari ya mwendo huo kwa paneli haifanani saa zote. Ikiwa paneli imelielekea jua moja kwa moja, kosa la nyuzi 5 katika kulaza kifaa cha kupimia hupunguza mwanga unaosomwa kwa asilimia 0.4 tu. Ikiwa mwanga unaijia paneli kwa mshazari wa nyuzi 45, kosa hilohilo la nyuzi 5 huleta tofauti ya asilimia 9. Mtu anayepima saa moja baada ya mawio juu ya paa lililoinama upande mwingine anaweza kulaumu paneli kwa upungufu ambao umetoka kwenye kipande cha mbao alichoegemezea kifaa chake.

Wapo wanaopendelea asubuhi yenye ubaridi kwa sababu seli huwa karibu na nyuzi 25, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwani marekebisho ya joto huwa madogo. Lakini wanachokiokoa katika joto wanakipoteza katika rangi. Mwanga wa lebo unalingana na jua lililoinuka takriban nyuzi 42 kutoka upeo wa macho. Jua lililoinuka nyuzi 30 limekwisha kupita unene wa hewa mara 2, na lililoinuka nyuzi 10 limepita zaidi ya mara 5. Hewa hiyo nene huchuja rangi za buluu na kuacha wekundu, na kila aina ya seli huupokea wekundu huo kwa namna yake. Juu ya hayo, umande wa alfajiri kwenye kioo hutawanya mwanga, na hakuna hesabu ya kuusahihisha.

Njia bora kuliko kuukimbia mchana ni kuipoza paneli mchana huohuo. Funika paneli kwa kitambaa kizito au ubao usiopitisha mwanga, uiache chini ya kifuniko mpaka ifikie joto la hewa, kisha uondoe kifuniko na uchukue kipimo katika sekunde chache za mwanzo kabla haijachemka. Katika sekunde hizo joto ni sawa katika paneli yote, na kile kinachosomwa mgongoni ndicho kilicho ndani ya seli. Paneli iliyokaa juani kwa muda mrefu haina sifa hiyo: seli zake huwa na joto la nyuzi 2 au 3 zaidi ya mgongo wake jua likiwa kali, pembe zake huwa baridi kuliko katikati, na upepo mmoja wa dakika chache unaweza kuubadilisha mgongo mzima kwa nyuzi kadhaa. Kosa la nyuzi 5 katika joto huzaa kosa la karibu asilimia 2 katika wati, kiasi ambacho kinatosha kuifanya paneli nzima ionekane mbovu au mbovu ionekane nzima.

Neno "safi" nalo linahitaji uangalifu. Mawingu mepesi ya juu sana, yale yanayofanana na nyuzi za pamba, mara nyingine hayaonekani kabisa karibu na jua kwa sababu ya mng'ao, ilhali yanatikisa ukali wa mwanga kila baada ya sekunde chache. Macho si hakimu wa kuaminika hapa. Hakimu ni kifaa: ikiwa namba yake imeyumba kwa zaidi ya asilimia 1 wakati mchoro wa mkondo na volti unachukuliwa, kipimo hicho kitupwe na kingine kichukuliwe.

Mawingu ya vipande

Hili ndilo anga nililosema halifai. Wengi hulipenda kwa sababu huwapa namba za kufurahisha: jua likitokeza kati ya kingo za mawingu meupe, mwanga wa moja kwa moja huungana na ule unaoakisiwa na mawingu, na ukali unaweza kupita 1000, hata 1200, kwa sekunde au dakika chache. Paneli iliyopoa chini ya kivuli cha wingu kisha ikapigwa na mwanga wa namna hiyo inaweza kutoa wati zaidi ya zile za lebo. Namba hizo ni za kweli lakini hazielezi chochote kuhusu ubora wa paneli.

Tatizo la msingi ni kwamba vifaa haviendi kwa mwendo mmoja. Paneli huitikia mabadiliko ya mwanga papo hapo. Piranomita ya kawaida, yaani kifaa cha kupimia ukali wa jua kwa joto linalojengeka chini ya kuba lake la kioo, huchukua sekunde kadhaa. Joto la paneli huchukua dakika. Na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa ule wa matumizi ya nyumbani, ikitafuta kilele cha nguvu huweza kubaki nyuma ya wingu linalokimbia. Ukigawanya namba ya kifaa kimoja kwa namba ya kifaa kingine katika hali hiyo, unagawanya mambo mawili yaliyotokea kwa nyakati mbili tofauti. Anayetaka kujua jinsi inveta inavyofuata mabadiliko ya mwanga atapata somo zuri katika siku kama hiyo. Mpimaji wa paneli afadhali asubiri.

Anga lililofunikwa lote

Anga la kijivu lililotanda kutoka upeo hadi upeo ni jambo jingine, na halistahili kutiwa kundi moja na mawingu ya vipande. Mwanga wake ni hafifu, mara nyingi kati ya wati 100 na 300 kwa mita ya mraba, lakini unaweza kutulia kwa muda mrefu, unakuja kutoka pande zote, na paneli hubaki karibu na joto la hewa. Kuthibitisha lebo kwa mwanga huo ni kujidanganya, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa: ukizidisha kipimo mara tano ili kufikia 1000, umezidisha na makosa yake. Zaidi ya hapo, ufanisi wa paneli za silikoni huwa chini kidogo, kwa asilimia chache, mwanga unaposhuka hadi 200, na upungufu huo hutofautiana kutoka paneli moja hadi nyingine.

Kwa kutafuta hitilafu, hata hivyo, anga hili lina thamani ambayo jua kali halina. Kuna magonjwa mawili makuu ya ndani ya paneli. La kwanza ni ukinzani mkubwa katika njia ya mkondo, kama vile solda iliyolegea au kiunganishi kilichooza. Hasara yake huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo huonekana waziwazi jua likiwa kali na hujificha mwanga ukiwa hafifu. La pili ni uvujaji ndani ya seli, ambako mkondo hupata njia ya mkato badala ya kutoka nje. Huo huvuja karibu kiasi kilekile jua liwe kali au hafifu, kwa hiyo adhuhuri humezwa na mkondo mkubwa, ilhali chini ya mawingu hula sehemu inayoonekana. Paneli iliyofaulu adhuhuri na kushindwa vibaya chini ya anga la kijivu, huku mwenzake wa aina ileile akifanya vizuri, inapaswa kushukiwa uvujaji.

Kipimo cha volti bila mzigo pia kinaweza kufanywa siku kama hiyo, mradi anayekifanya ajue kinachosema na kisichosema. Mkondo hupanda na kushuka sambamba na mwanga, lakini volti hiyo ya bila mzigo hushuka polepole mno: mwanga ukipungua hadi sehemu moja ya kumi, volti hupungua kwa asilimia 10 hivi tu. Ndiyo maana multimita huonyesha volti nzuri hata chini ya mawingu mazito, na ndiyo maana volti nzuri haithibitishi wati. Inachoweza kufichua ni kasoro kubwa: paneli nyingi zina diodi tatu za kupitishia mkondo pembeni, na moja ikiungua kwa shoti, theluthi nzima ya volti hupotea, jambo ambalo litaonekana katika mwanga wowote.

Kipimo cha siku moja au kumbukumbu za miezi

Anayechagua kati ya aina mbili za paneli hapaswi kutegemea adhuhuri moja. Paneli za kadimiamu teluraidi, ambazo ni za tabaka jembamba lisilo la silikoni, hupoteza nguvu kidogo kwa joto kuliko silikoni ya kawaida, na huitikia tofauti unyevu wa hewa, kwa sababu mvuke wa maji hufyonza mwanga wa infraredi ambao silikoni huutumia lakini paneli hizo za kadimiamu haziutumii. Tofauti hizo hujitokeza kwa kubadilika kwa misimu, wala hazionekani katika mchoro mmoja. Hapo kinachofaa ni kuzifunga paneli zote mbili kando kwa kando, zikiwa na mwinamo mmoja na mwelekeo mmoja, na kurekodi nishati ya kila moja pamoja na mwanga na joto kwa miezi mingi, ikiwezekana mwaka mzima. Kiwango cha IEC 61724-1 kinaeleza namna ya kufanya hivyo.

Ningependa kusisitiza kufunga kando kwa kando, kwa sababu ndiyo silaha bora ya mtu asiye na vifaa vya bei kubwa. Paneli mbili zinazopimwa kwa wakati mmoja chini ya anga moja hushiriki mwanga uleule, hivyo sehemu kubwa ya kosa la kupima ukali wa jua hujifuta yenyewe katika uwiano wao. Zibadilishane nafasi baada ya muda, kwa kuwa iliyo pembezoni hupata upepo zaidi na hupoa zaidi, na vioo vyake vioshwe kwa pamoja. Kama moja inapokea mwanga pande mbili, ardhi iliyo chini yake ipimwe pia, maana majani huakisi takriban asilimia 20 ya mwanga ilhali theluji mpya huakisi zaidi ya asilimia 80, na uwiano uliopatikana juu ya moja hauhamishiki kwenda kwa nyingine.

Paneli mpya zipewe kwanza siku kadhaa za jua kabla ya hukumu. Baadhi ya silikoni hupoteza asilimia 1 hadi 3 katika saa za mwanzo za mwanga kisha ikatulia, na baadhi ya paneli za tabaka jembamba hubadilika zikipata jua na kubadilika tena zikikaa gizani.

Piranomita au seli ya rejea

Kwa kipimo cha mara moja chini ya jua la wazi, ningechagua seli ya rejea, yaani kipande kidogo cha seli kilichopimwa na maabara, ambacho huitikia papo hapo na huona rangi zilezile zinazoonwa na paneli, mradi kiwe cha aina ileile. Kwa kumbukumbu za mwaka, hasa pale paneli za aina tofauti zinapolinganishwa, piranomita ina haki zaidi, kwa sababu hupima mwanga wote bila kupendelea aina yoyote ya seli. Kiwango cha ISO 9060 huzigawa katika madaraja A, B na C. Kifaa chochote kati ya hivi kilazwe juu ya mwinamo uleule wa paneli. Kipima mwanga cha luksi, kikiwemo kile cha simu, kisitumike, kwa kuwa kimetengenezwa kuiga jicho la binadamu, na jicho halioni sehemu kubwa ya mwanga unaogeuzwa kuwa umeme.

Mtu akipima kwa uangalifu wote huu uwanjani, adhuhuri, kwa seli ya rejea na kipima joto kizuri, bado kipimo chake kina shaka ya takriban asilimia 5 juu au chini, wakati maabara nzuri hufikia asilimia 2 au chini ya hapo. Paneli iliyoonyesha upungufu wa asilimia 3 baada ya marekebisho haiwezi kurudishwa kwa muuzaji kwa ushahidi huo pekee, kwani upungufu wenyewe umo ndani ya shaka ya kipimo. Iliyoonyesha upungufu wa asilimia 10, katika siku mbili au tatu tofauti zenye anga safi, kioo kikiwa kimeoshwa na paneli jirani ya aina ileile ikiwa imepimwa saa hiyohiyo bila kuonyesha upungufu kama huo, hiyo inastahili kushushwa, kufungwa kwa uangalifu na kupelekwa maabara.